Nguo ya Kidonda

Kama una kidonda mguuni ambacho hakisikii dawa, na kanisani umeanza kukaa karibu na mlango ili wenzako wasipate harufu, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi si daktari. Ni fundi wa nguo, Rispa Adongo, mke wa Zablon wa reli, na kwa karibu miaka miwili nilitembea Kisumu hii na kidonda kipana kama kisosi. Sasa ni kovu. Siku zile nazikumbuka mara nyingi, na ajabu ni kwamba sizikumbuki kwa uchungu tu. Kuna asubuhi nyingine nazitamani, kama mtu anavyotamani shule aliyosomea.

Ilianzia Ahero, nilikozaliwa. Miaka ya sabini ilikuwa imeanza tu, na masika ya mwaka ule yalitutenda vibaya. Mto ulivunja kingo, na mashamba ya mpunga na boma la mama yangu vikawa maji mamoja. Nilipanda basi kutoka mjini nikaenda kumsaidia kuhamisha vitu. Tulikuwa tumebeba kabati la vyombo, mimi mbele, yeye nyuma, maji yakitufika magotini, rangi yake kama chai ya maziwa. Chini ya maji hayo lilikuwa limelala bati lililong'olewa na upepo. Sikuliona. Nilihisi kitu cha baridi juu ya kifundo cha mguu wa kulia, upande wa ndani, kama mtu amenigusa kwa kijiko. Hata kabati sikuliangusha. Tulipofika pakavu ndipo mama akapiga kelele.

"Rispa, mguu wako!"

Aliufunga kwa leso yake. Nilirudi mjini kesho yake nikijua kwamba ni jeraha la wiki mbili.

Halikufunga. Kingo zake zikawa ngumu kama ukosi wa shati lililotiwa wanga, katikati pakawa na rangi ya manjano, na ngozi ya kuzunguka ikawa nyeusi, inang'aa. Jioni mguu ulivimba mpaka kiatu kikakataa. Daktari alikuja kunieleza habari za damu isiyopanda vizuri kutoka mguuni, lakini sikushika yote. Nilichoshika ni kwamba mguu ulioumia ndio mguu wangu wa cherehani. Nilikuwa nashona sare za shule kwenye varanda ya duka moja mjini, na kila nilipokanyaga, kidonda kilifunguka mdomo. Baada ya miezi mitatu Zablon aliibeba cherehani kwa mkokoteni wa rafiki yake, akaiweka nyumbani kwetu Kaloleni, ikafunikwa shuka. Watoto wetu wawili wakaanza kufanyia hesabu zao za shule juu yake.

Mama mkwe wangu, Dorka, alikuja kutoka Port Victoria kututunza. Alikuwa mwanamke mrefu, mkali kwa usafi, wa kikundi cha akina mama wa kanisa wanaovaa nguo nyeupe. Tulisema Dholuo nyumbani, lakini nitayaandika maneno yake kwa Kiswahili.

"Nyar Ahero," aliniambia, ndivyo alivyoniita, binti wa Ahero, "bati halifanyi kidonda cha namna hii. Kuna mtu nyuma yake."

"Mama, ni bati. Nililiona baadaye."

"Uliliona bati. Aliyeliweka hukumwona."

Sahani yangu aliiosha peke yake, akaianika mbali na za wengine. Zablon naye, mtu wa maneno machache, akirudi kazini alifungua madirisha yote mawili kabla ya kunisalimu. Nilijua kwa nini. Nilijipaka manukato, na harufu mbili zikachanganyika zikawa mbaya kuliko moja. Nadhani aliye na kidonda cha muda mrefu ananielewa: maumivu unayazoea, lakini huzoei kuona mtu unayempenda akivuta pumzi nje ya mlango kabla ya kuingia.

Siku zangu za hospitali zilikuwa Jumanne na Ijumaa. Ilikuwa hospitali ya misheni, yenye benchi refu la mbao kwenye varanda. Jua lilipofika kiti cha tatu, tulijua ni saa nne na bado zamu yetu haijafika. Tuliokuwa pale kila wiki tulikuwa na nafasi zetu kama kanisani. Mwisho kabisa alikaa Mzee Oluoch, fundi wa kuunda mashua kule Dunga, mwenye ugonjwa wa sukari na kidonda cha kisigino. Katikati alikaa mama mmoja muuza samaki wa kukaanga na binti yake Akinyi, wa miaka kama saba, aliyetumbukiza mkono katika karai la mafuta. Mimi nilikaa kati yao. Mzee Oluoch alitusimulia mashua alizounda, moja moja, na jinsi kila moja ilivyozaliwa na tabia yake. Akinyi alimuuliza, "Na ile iliyozama?" Mzee akajibu, "Hiyo aliunda mtu mwingine."

Ndani alikuwa nesi Wambui, aliyetoka Nyeri, mfupi, mikono myepesi. Hakujua Dholuo zaidi ya salamu, kwa hiyo chumbani mle sote tulisema Kiswahili, kila mtu kwa lafudhi ya kwao. Kazi yake ngumu ilikuwa kubandua. Shashi ilikuwa imeshikana na nyama. Aliimwagia maji ya chumvi, akangoja kama foleni ilimruhusu, kisha akavuta.

"Pole, Mama. Vuta pumzi. Usiangalie."

Niliangalia kila mara. Shashi ilitoka na kile kidogo kilichokuwa kimeanza kuota, na damu mbichi ikachuruzika. Alinisafisha, akaweka shashi nyingine, akazungusha bendeji. Nikifika Kaloleni bendeji ilikuwa imeteremka kisiginoni kama soksi iliyokufa mpira. Kila Jumanne tulianza upya.

Masika yalipita, kiangazi kikapita. Siku moja daktari aliniita pamoja na Zablon. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, akasema kwamba mvua za vuli zikiisha na hali ikiwa ile ile, itabidi tuzungumze habari ya kukata chini ya goti, kabla ubaya haujaingia mfupani. Zablon alikuwa ameshika kofia yake ya kazi. Tulitoka mpaka langoni. Hapo ndipo akaniuliza:

"Utashonaje?"

Nilimkasirikia siku tatu. Nilidhani anaililia cherehani. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hilo ndilo neno pekee alilolipata, na kwamba siku zote tatu alikuwa hali chakula cha mchana.

Jumamosi ile nilikaa kitandani, mguu juu ya mto, nikaitazama bendeji ikiwa imeteremka tena. Niliitazama kwa jicho la fundi, kwa mara ya kwanza. Nikajiambia, hii ni nguo iliyoshonwa bila kumpima mwenye nguo. Mguu wangu juu ni mnene, kifundoni umeingia ndani, kisha unatoka kwenye kisigino. Nani angekata suruali ya namna hiyo kwa kitambaa kilichonyooka? Nilimwomba mtoto mkubwa futi yangu. Nikajipima sehemu nne. Nikachukua karatasi ya kaki iliyofungiwa sukari, nikaikata, nikaijaribisha, nikaikata tena.

Ya kwanza niliishona kwa shuka kuukuu, nikaichemsha, nikaipiga pasi, nikaifunga kwenye karatasi safi. Ijumaa nikaitoa mbele ya nesi Wambui.

"Mama, hapa si sokoni," alisema.

"Najua, Sista. Angalia tu."

Aliichukua. Aliigeuza ndani nje. Yeye naye alikuwa na jicho. "Hii umechemsha?"

"Nusu saa."

"Nusu saa ni ya mayai. Na hii mshono hapa ndani itakwaruza."

"Nitautoa nje."

Aliipinda kwenye kifundo chake mwenyewe. "Inakaa," alisema. "Lakini si mimi nitaamua. Ngoja."

Alirudi na daktari. Daktari aliuliza maswali machache, akaangalia kidonda, akaangalia kitambaa, akasema, "Wiki sita. Na kila kitu kipite kwenye mtungi wa mvuke wa hapa, si sufuria ya nyumbani."

Sitaki mtu afikiri kwamba nilishona mara moja nikapona. Ya kwanza, hata baada ya kuhamisha mshono, ilinibana ikaniachia lengelenge. Ya pili niliipaka mafuta ya mgando mengi mno kwa hofu ya kushikana, na ngozi ya kuzunguka kidonda ikawa nyeupe, imekunjamana kama vidole vya mtu aliyefua kutwa. Nesi Wambui hakunificha. "Umeizamisha," alisema. "Kidonda inataka unyevu, haitaki bwawa."

Tulikaa naye mchana mmoja wagonjwa walipokwisha, mezani pake, tukaitengeneza ya tatu pamoja. Ya ndani kabisa tuliikata kwa kitambaa laini mno, bila mshono, tukaipaka mafuta kidogo tu, na mimi nikaitoboa vitundu kwa namna ya tundu za vifungo ili maji ya kidonda yapite yasikae. Juu yake mto mwembamba wa pamba, nilioushona mistari ya miraba ili pamba isikusanyike upande mmoja. Juu kabisa, vazi lenyewe, lenye mkunjo kifundoni na kamba nne zilizopishana chini ya wayo na kufungwa nje. Mto ukilowa, unabadilishwa mto. Ile ya ndani inaachwa palepale siku kadhaa, haibanduliwi. Na Wambui akaongeza la kwake: bendeji ya kukaza ianzie vidoleni kupanda juu, si kuanzia kidonda. "Uvimbe usukumwe kwenda nyumbani," alisema.

Ijumaa iliyofuata alipofungua ile ya ndani, haikushikana. Ilinyanyuka tu, kama unavyonyanyua jani lililolowa. Hakukuwa na damu. Kisha akasema kwa Kikuyu kitu ambacho hakunitafsiria mpaka leo.

Yeye ndiye aliyebuni njia ya kupima. Alichukua picha za eksirei zilizokwisha kazi, akazisafisha, akashika moja juu ya kidonda, bila kukigusa, akachora ukingo wake kwa wino. Kila wiki mbili alichora tena juu ya ileile. Mstari wa pili ulikuwa ndani ya ule wa kwanza, kwa upana wa uzi. Wa tatu, kwa upana wa punje ya mchele. Wiki sita zilipokwisha, daktari aliinua ile picha dirishani, akaitazama kwa muda, na neno la kukata halikutajwa tena siku ile wala baadaye.

Taabu ikawa kitambaa. Kitambaa kipya kina wanga, kigumu, hakinywi. Nilihitaji pamba iliyofuliwa mara mia, na shuka zetu nilikuwa nimezimaliza. Mama Dorka alikuwa ameniangalia miezi yote ile. Asubuhi moja alikuja na furushi, akaliweka juu ya cherehani. Ndani mlikuwa na vitambaa vyake vya kichwa vya kanisani, vyeupe, saba au nane, vya tangu ujana wake, vimefuliwa mpaka vimekuwa laini kama unga.

"Mama, hivi ni vya ibada."

"Ibada yangu haitapoteza usafi kwa kuvitoa," alisema, kama anayegombana. Kisha, kwa sauti nyingine: "Kata vizuri. Usiharibu pembe, kuna darizi ya mama yangu."

Kuanzia siku ile yeye ndiye alikuwa akikoka moto wa kuchemsha, kabla ya vitambaa kwenda kwenye mtungi wa hospitali. Habari ya mtu aliyeliweka bati hakuirudia. Na sahani yangu nikaiona siku moja juu ya uchaga pamoja na nyingine.

Benchi nalo lilikuwa na macho. Mama yake Akinyi ndiye aliyeniuliza kwanza. Vidole vya mtoto vilikuwa vinafungwa pamoja na vikaanza kuota vikiwa vimeshikana. Kila kuvitenganisha kilikuwa kilio cha kutoboa masikio. Nilipima ule mkono mdogo kwa uzi, maana futi ilimtisha. Nikamshonea glavu, kila kidole na nyumba yake, mishono yote nje, na kwenye kidole gumba nikatia uzi mwekundu. Aliivaa akaizungusha mbele ya uso wake. "Kidole gumba ndiye mkubwa wao," akatangaza, "ndiyo maana ana nguo ya rangi." Baada ya mwezi aliweza kukunja ngumi. Alinionyesha kwa kunipiga nayo begani.

Mzee Oluoch alikataa. "Sijawahi kuvaa gauni," alisema, "na sitaanzia kisiginoni." Lakini alikuwa fundi, na fundi hawezi kuacha kuangalia kazi ya mwenzake. Ijumaa moja aliichukua yangu akaichunguza mishono. "Umeacha nafasi ya kuvuta," alisema. "Mimi huacha hivyohivyo kwenye mbao." Nikamshonea yake, yenye duara nene lililoacha tundu mahali pa kidonda, ili kisigino kisikanyage chini. Kwa miezi mitatu alikuja benchini akitembea mwenyewe.

Kisha, Januari, kwenye joto lile ambalo hata ziwa linanyamaza, sukari yake ilipanda, vidole vikawa vyeusi. Walimkata mguu. Nilikwenda kumwona wodini, nikaketi kando ya kitanda chake.

"Nyathina, mwanangu, usilie," alisema. "Ile miezi mitatu nilikanyaga chini bila kuuma meno. Nilifika Dunga kwa miguu yangu, nikaona mashua yangu ya mwisho ikiingia majini. Hiyo uliishona wewe."

Nilirudi nyumbani nikaiacha sindano wiki mbili. Niliona nimewadanganya watu kwa vitambaa. Wambui alinituliza kwa namna yake, yaani kwa kunigombeza. "Nani alikwambia nguo inaponya sukari? Nguo inalinda, mwili unajenga. Mwili ikikataa, si kosa ya fundi. Na kuna watu kumi na mbili kwenye benchi, Mama. Mmoja ana kidonda ya goti, na goti inakunjwa. Nifunge na nini?"

Basi nikashona ya goti, yenye tabaka mbili kama mlango wa hema. Nikashona ya bega la mwanamke wa Nyalenda, na ya mgongo wa kijana aliyelala muda mrefu. Hakuna mbili zilizofanana. Nilijifunza kumtazama mtu kwanza: anakaa vipi, analala upande gani, nani atamfunga nyumbani na ana vidole vya namna gani. Ndilo ninalotaka wewe ulichukue kutoka hapa, kama huna muda wa mengine. Usijifunge mwenyewe kwa kufuata haya. Nenda kwa wauguzi. Lakini waambie jinsi unavyoishi. Waambie bendeji inateremkia wapi, inakukwaruza wapi. Wanajua vidonda, ila mguu ni wako.

Kidonda changu kilifunga masika ya pili baada ya yale ya mafuriko yalipoanza. Ngozi ilitambaa kutoka pembeni, nyembamba, rangi ya waridi, kama utando wa juu ya maziwa. Mwishoni ilibaki nukta moja kama kichwa cha pini, ikakaa wiki tatu kwa ukaidi, kisha siku moja haikuwapo. Zablon aliipaka cherehani mafuta, akakaza mkanda wa mashine, akasimama kando huku nikiikanyaga. Nilishona mstari mmoja tu ulionyooka kwenye kitambaa cha kujaribia. Akakichukua kile kitambaa akakitia mfukoni, akaenda kazini.

Wambui alihamishwa mwaka uliofuata, akarudi upande wa kwao mlimani. Varanda ile wamejenga chumba juu yake sasa, na benchi sijui limekwenda wapi. Vifaa vya leo ni vizuri kuliko vyetu, nimeviona, vingine vinakuja vimekatwa umbo la kisigino tayari. Nafurahi. Lakini wakati mwingine nikipita pale natamani jua lifike kiti cha tatu.

Siku ninayoikumbuka zaidi ya zote si ya hospitali. Ni Jumamosi moja, kovu lilipokuwa na miezi michache. Mama Dorka alitaka samaki wa ngege wabichi, akasema twende Dunga wenyewe, hawaamini wa sokoni. Tulifika wakati mashua zinashusha. Wanawake wamejaa ufukoni, makarai vichwani, kila mtu anapiga kelele ya bei yake, matope mpaka kwenye vifundo. Tulinunua, tukapanda mahali pa mawe kujisafisha.

Nilikuwa nimeinama kuchota maji aliponishika bega, akanikalisha juu ya jiwe. Yeye, mama mkwe wangu, ambaye kwa desturi zetu nisingemruhusu hata kuninyooshea kiatu, akapiga magoti. Nilijaribu kuuvuta mguu. Akaukaza. Alimwagia maji, akasugua matope kwa kiganja, wa kushoto, kisha wa kulia. Kwenye kovu akapunguza nguvu. Alipitisha kidole gumba kulizunguka, polepole, mara moja, kama anayetafuta mahali palipoachwa wazi. Hapakuwapo. Wala katika miezi yote ile hakuwahi kukigusa kidonda changu.

"Nilikuogopa," alisema, bila kuinua uso.

Niliweka mkono wangu juu ya kitambaa chake cha kichwa, nikauacha pale.

Akasimama, akapangusa mikono kwenye leso, akainua karai.

"Haya, nyar Ahero, inuka," alisema. "Samaki wanaharibika."